Utando Unaoitikia Mwanga

Baba yangu Mwalimu, shikamoo.

Mimi huku ng'ambo sijambo, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo inayonionea. Nyie hapo Kigombe mwaendeleaje? Goti la Mama limepoa? Nimefurahi kusoma kuwa sasa sabuni inapatikana dukani bila kupanga foleni.

Uliniuliza, wewe uliyefundisha sayansi mpaka ukastaafu, ni jambo gani hili nisomalo lisiloisha. Nilichelewa kujibu kwa aibu. Natengeneza molekuli inayojikunja ikipigwa na mwanga wa zambarau, kisha hujinyoosha ikipigwa na wa buluu. Naichanganya na mafuta fulani, nayo yakitiwa majini hujifunga yenyewe kuwa vifuko vidogo mno, vyenye utando mwembamba kama ule unaozunguka kila chembe hai ya miili yetu. Swali ni moja: molekuli ikijikunja, utando nao utabadilika?

Miezi minane haukubadilika. Mwezi uliopita profesa wangu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliniambia, "Zaituni, Ijumaa ikifika bila jibu, tunaacha." Kuacha maana yake ni kurudi bila shahada.

Jumatano, nikiosha vyombo vya maabara, nikaiona chupa yangu ya molekuli dirishani, jua likiipiga. Moyo ukanilipuka. Kumbe jua nalo lina zambarau ndani yake, na siku zote hizo molekuli zangu zilikuwa zinajikunja kabla sijaanza kazi! Nikatengeneza molekuli nyingine, nikaizungushia chupa karatasi nyeusi, nikafunga mapazia.

Ijumaa asubuhi nikaweka tone chini ya hadubini. Kifuko kimoja kilikuwa mviringo, kimetulia tuli. Nikawasha mwanga wa zambarau. Baba, kikatetemeka! Utando ukatanuka, ukalegea, ukajipindapinda, ukachipuza kifuko kingine ubavuni. Nikawasha wa buluu. Kile kichanga kikarudi kwa mama yake, utando ukakazika, mviringo uleule.

"Subhanallah!" Sauti ilinitoka bila kutaka.

"Umesema nini?" akauliza profesa, aliyekuwa ameingia kudai jibu lake.

"Nimemtukuza Aliyeumba."

Akainama kutazama. Akaniashiria niwashe tena, na tena. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamemlowa. "Miaka yote hii nafundisha habari za utando," akasema polepole, "sijapata kuuona ukiitika." Nikampisha kiti changu, nikasimama nyuma yake. Tukakaa hivyo mpaka adhuhuri, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Basi nitabaki hadi nimalize, inshallah.

Nisalimie Mama sana, na kaka Bakari anayeuza machungwa Muheza, na shangazi mshonaji, na wifi aliyejifungua juzi. Bibi wa Chumbageni msomee barua hii taratibu. Akisema ni uchawi, usimbishie sana, Baba. Mimi niliyeitengeneza molekuli hiyo kwa mikono yangu, kila nikiwasha mwanga, bado nywele zanisisimka.

Ni mimi binti yako, ninayezitegemea dua zako,
Zaituni