Tokeni za Mama Mdogo Yusta

Anastazia, nimeharibu. Zile tokeni za sarafu ya mtandaoni mama mdogo Yusta alizotumiwa na mwanawe aliyeko Uturuki, nimezipoteza!

Nilikuwa nazihamishia mtandao mwingine wenye makato madogo, nikabandika anwani ya ule wa zamani, zikapotelea huko.

Na Ditram wa duka la simu alinionya: "Tuma kidogo kwanza, uone kama kimefika." KIDOGO KWANZA! Mimi nikatuma zote.

Nilijua nikikosea nitapiga huduma kwa wateja wazirudishe, kama hela za kwenye simu. Kumbe huku hakuna wa kumpigia. Hakuna mtu, Ana!

Nimemdanganya mama mdogo kwamba bado ziko njiani.

Akacheka. "Hamna shida mwanangu, hata basi la Dumila huwa linachelewa."

Sasa yuko uani anakimbiza jogoo wa kunishukuru. Ananiita nikamsaidie kumshika.