Nilimnasa Bata Mzinga kwa Sauti ya Winfred

Mshauri Jennifer mpendwa, naomba msaada, na nakusihi usicheke mpaka umalize kusoma, maana wenzangu wote wamecheka na hakuna aliyenisaidia.

Mimi ni Reuben Mutai, Mkenya niliye huku ughaibuni, mlinzi kwenye jengo moja la ofisi mtaa wa Al Sadd, naishi mtaa wa Abu Hamour na wenzangu watano, na nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa vumbi usio na ua ambao kila Ijumaa hujaa watu wa kila taifa, hawa wakicheza kriketi, wale kandanda, wengine wametandika mikeka wanakunywa chai, na mwezi jana, Novemba, katika uwanja huo akatokea bata mzinga, dume, mweusi, mnene, anatembea kama mwenye mtaa. Mzee wa Kimisri aliyemfuga alikuwa anahama nchi, bata akamtoroka siku ya kufungasha mizigo, naye akamwambia mwenye duka la pembeni, "Atakayemshika ni wake, halali," akaenda zake uwanja wa ndege.

Ijumaa ya kwanza tulimkimbiza watu kama arobaini, Mnepali mmoja na Mganda mmoja wakagongana vichwa, na bata akaruka akatua juu ya tangi la maji akawa anatutazama. Ndipo Githinji, dereva ambaye ndiye mwenyekiti wa Wakenya wa mtaa wetu, akapanda juu ya kreti ya soda akatangaza kanuni: hakuna kukimbiza, hakuna mawe, aliyetangulia kukaa mahali asisogelewe hatua hamsini, na bata akimwendea mtu, wengine wote watulie tuli. Watu walicheka, lakini wakakubali.

Sasa mimi nimekulia Bomet na mama yangu alifuga ndege hao, najua kuwaigiza, kwa hiyo Ijumaa ya pili nikawahi kulipopambazuka, nikajificha chini ya mkunazi, nikaita, "Golo-golo-golo!" na Mshauri, nyuma ya rundo la mchanga wa ujenzi nikasikia jike akijibu, "Kyau, kyau, kyau." Nikasema moyoni, kumbe wako wawili! Nikatambaa kwa tumbo nusu saa nzima, naita, anajibu, naita, anajibu, kila mara karibu zaidi, mpaka nikafika juu ya rundo nikiwa nimeinua shuka nimfunike, nikakutana uso kwa uso na dada mwenye mchanga kwenye nyusi, naye ameinua shuka lake anifunike mimi.

"Wewe si bata!" akapiga kelele.

"Na wewe pia!" nikamjibu.

Anaitwa Winfred, nesi kutoka Nakuru, anakaa Al Thumama. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na tulipogeuka bata mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu, akaondoka polepole bila haraka yoyote. Tukaamua kuwinda pamoja, na Ijumaa mbili zilizofuata, nakuambia ukweli, sikumfikiria bata hata kidogo. Nilirekodi mlio wa Winfred kwenye simu nikamwambia ni wa kufanyia mazoezi, uongo mtupu, nilikuwa nausikiliza kwenye basi la kazini nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Ijumaa iliyopita Winfred alikuwa na zamu mpaka saa nne asubuhi. Akaniambia, "Reuben, usimguse mpaka nifike." Nikaapa. Lakini mapema nikamkuta Arnold, jirani yetu, amekaa kimya na mahindi yake, na bata anamwendea hatua kwa hatua, imebaki kidogo tu, na mimi nikapandwa na kichaa, nikatoa simu nikawasha sauti ya Winfred kwa nguvu zote. Bata akageuka, akafungua mkia, akaja mbio akaniingia mikononi. Uwanja mzima ukanibeba juu juu, picha ikawekwa Facebook na maelezo kwamba nimemnasa kwa mlio wa simu, na Winfred akaiona akiwa bado wodini. Aliniandikia hivi tu: "Hongera. Kumbe hukunihitaji, sauti ilitosha." Tangu hapo hapokei simu.

Bata yuko bafuni kwetu, tunaoga huku anatukodolea macho, wenzangu wanataka pilau ya sikukuu ya Jamhuri Ijumaa hii, na msimamizi wa nyumba amesema ndege huyo asilale tena humo baada ya siku hiyo. Nikimla, nitamkosa Winfred. Nikimwachilia, nitachekwa mpaka mkataba uishe. Na naona aibu kukiri, lakini bado nina furaha, nikiukumbuka uso ule wenye mchanga nacheka getini mpaka wageni wananiogopa. Nifanye nini?

Reuben, Abu Hamour

*

Reuben, nimecheka. Nisamehe. Sasa nyamaza nikuambie.

Kuwahi ulijua, kutulia ulijua, lakini dume huvutwa na jike, si na dume mwenzake. Hizo golo-golo zako zote zilikuwa kumfukuzia Winfred bata. Tena kutambaa kuelekea sauti ya usiyemwona, kwenye uwanja wa watu wengi, ni ujinga. Mmoja wenu angekuwa na rungu badala ya shuka, leo ungeniandikia ukiwa hospitali, na si kwa mapenzi.

Arnold alifuata kanuni, wewe ukampora ndege mbele ya macho yake, halafu ukakubali kubebwa juu juu! Uwanja ni wa wote, na ndiyo maana adabu inahitajika pale kuliko shambani kwa mama yako. Na Winfred hakununa kwa sababu ya nyama. Alikuomba kitu kimoja, kusubiri. Ukachukua kilicho chake, ukamwacha yeye.

Usimpelekee paja kwenye bakuli. Usiandike lolote Facebook. Nenda Al Thumama kwa miguu yako, umwombe msamaha bila kumtaja Arnold wala kusingizia kichaa. Halafu Ijumaa umbebe bata mpaka uwanjani, useme mbele ya wote kwamba mlio ulikuwa wa Winfred na zamu ilikuwa ya Arnold. Achinjwe au aachwe, Winfred ndiye aamue. Ukichekwa, chekwa.

Wasomaji, majibu haya nilimpa Reuben kwa simu siku ya Jumatano, kwa kuwa bata hangeweza kungoja gazeti. Jumamosi alinipigia akihema kwa furaha. Alikwenda Al Thumama akaomba msamaha, Ijumaa akasema yote mbele ya watu, Arnold akampa mkono, na Winfred akaamua: pilau, na Arnold achague kipande wa kwanza. Walikula mpaka wale wa kriketi. Kisha Winfred akamwambia, "Lete simu," akaifuta ile rekodi mwenyewe, akamrudishia.

"Siku nyingine ukinitaka," akamwambia, "niite kwa jina."

Reuben akaniuliza, "Mshauri, hiyo maana yake nini?"

Reuben, kata simu yangu. Mpigie sasa hivi.