Kufuli la Tatu

Jumamosi, 17 Mei 2025

Leo mimi na Mjomba Damiani tulikwenda mjini, dukani kwa mzee Rajabali, kuchagua makufuli. Nikamwamkia. "Marahaba, Belinda. Leo mnataka linalolia au linalofunga?" Huniuliza hivyo kila mara, kisha anacheka peke yake.

Tunataka linalolia. Kufuli la maonyesho liwe kubwa, jeusi, lenye sura mbaya, na likidondoshwa kwenye sinia walio nyuma kabisa walisikie. Ugumu si hoja. Mzee Rajabali anasema makufuli mazito mengi ni majinga, yale madogo ya shaba ndiyo yenye akili. Hayo hatuyagusi.

Nilijaribu kumi na sita. Nikachukua matatu. Mjomba hakubisha hata moja. Kwa mambo ya kufuli ananisikiliza mimi kuliko mtu mzima yeyote. Nikikosea, mgongo ni wake.

Jumapili, 18 Mei

Mnada wa Ikungi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Makufuli tuliyotumia ni yale ya zamani. Simeoni, mpiga ngoma wetu, alimfunga Mjomba kwenye nguzo ya ng'ombe, mnyororo na makufuli matatu, kisha akarudi kwenye ngoma yake. Halafu, kama kawaida, mwanaume mmoja mwenye mikono ya nguvu anaitwa kutoka kwa watazamaji, anapewa fimbo. Anachapa. Si mchezo — anachapa mpaka Mjomba afungue kufuli la tatu bila ufunguo au aseme "basi". Hajawahi kulisema. Leo zilikuwa fimbo tano. Ya nne ilipasua shati na ngozi pamoja. Watu wakashangilia! Kijana mmoja akapiga kelele: "Mjomba, leo utalala hapa na punda!" Mjomba akatoka kwenye mnyororo anacheka, damu inamtiririka kiunoni.

Kazi yangu ni sinia. Nadondosha kufuli, linalia. Nampa bibi kizee mmoja ajaribu ufunguo mwenyewe, kisha funguo zinabaki kwake. Sisemi neno. Mjomba aliniambia siku ya kwanza: usiongee, usicheke, uso wako unatosha. Leo nilimsikia muuza vitunguu akimwambia mwenzake kwamba haka kasichana hakawezi kudanganya, kanaogopa hata kivuli chake.

Kweli naogopa. Ndiyo maana naandika.

Baada ya onyesho Simeoni aliomba na yeye afungwe siku moja. Miaka minne anapiga ngoma tu, na kufungua anajua. Mjomba alimzaba kofi pale pale, damu puani. Simeoni akajifuta. Akasema taratibu, "Iko siku kufuli litakukataa, kaka." Wote walisikia. Njiani akanibebea mkoba kama kawaida. "Mwalimu," ndivyo anavyoniita, "leo umesoma kitabu gani?" Nikamwambia. Pua yake ilikuwa bado inavuja.

Jumanne, 20 Mei

Mjomba amesema makufuli mapya yasiguswe mpaka mnada wa Iguguno, mwezi ujao. Niyatunze. Mafuta ya cherehani yameisha. Mama amekamua alizeti wiki hii, kidumu kizima kiko jikoni, mafuta safi yanang'aa. Nikalainisha makufuli kwa hayo, sikubania. Nikayapanga dirishani kwangu. Yalifunguka kama siagi! Nilijiona fundi.

Sasa Fizikia. Mtihani kesho kutwa.

Ijumaa, 30 Mei

Mitihani imeisha. Nimeota Mjomba hana mgongo. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Iguguno. Watu wengi kuliko siku zote. Aliyejitokeza kuchapa ni mchunga ng'ombe mmoja, Hosea, mrefu, fimbo yake mwenyewe mkononi. Wenzake wakamwambia, "Hosea, huyo si ndama, usimwonee huruma!" Nilidondosha makufuli mapya. Yalilia vizuri. Bibi aliyeshika funguo alijaribu moja tu, la juu, akachoka. Sikumwomba ajaribu yote.

La kwanza lilifunguka fimbo ya tatu. Nikaona jasho la Mjomba, si la kawaida. La pili, fimbo ya nane. La tatu halikufunguka.

Ya tisa. Ya kumi. Watu wanacheka, wanadhani anawachezea. Ya kumi na moja ilimpata sikioni. Ya kumi na mbili Mjomba alisema, "Basi."

Nilisikia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, hatua tatu. Simeoni alikuwa anapiga ngoma kwa nguvu, macho ameyafumba, kama apigavyo mwisho ukikaribia. Hosea hakusikia. Hakuna aliyesikia. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nilisimama na sinia langu kama mti.

Ya kumi na tatu, mfupa wa mkono ulilia. Nilijua ni mfupa. Ya kumi na tano ilikuwa usoni. Ya kumi na tisa Hosea aliitupa fimbo mwenyewe, akasema jamani huyu mtu hachezi tena, akaanza kulia — lijitu lile! Bibi akaja na ufunguo. Ukaingia, haukuzunguka. Mjomba alining'inia pale mpaka fundi wa kuchomelea akaleta msumeno wa chuma.

Hakuniangalia. Jicho moja lilikuwa limefumba, la pili lilikuwa limejaa damu.

Jumatatu, 16 Juni

Hospitali. Mkono umevunjika pawili. Jicho la kushoto, daktari anasema tusubiri, na anavyosema tusubiri Mama anaelewa, anatoka nje.

Mjomba mdogo Gerald amekuja kutoka shambani, Mjomba amemweleza kwamba alisema basi. Ameshika lile kufuli lililokatwa. Ndani kuna kitu cha njano, kinanata. Gundi, amesema. Nani aliyefunga makufuli? Nani aliyesema iko siku litakukataa? Nani aliyepiga ngoma mtu anapoomba basi? Mama akaniuliza mimi, "Belinda, ulimwona Simeoni akifanya chochote?" Nikatikisa kichwa, hapana. Gerald akasema huyu mtoto muoga, anamficha. Lakini nilikuwa nimesema kweli!

Simeoni hajulikani aliko.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi Mama alinituma jikoni nimimine mafuta. Kifuniko cha kidumu hakikufunguka. Kimeganda. Nikakivuta kwa nguvu zote, mdomoni pote pana utandu wa njano, unanata, unavutika kama utomvu.

Nikakaa chini.

Kila nyumba Singida inajua chupa ya alizeti inavyonata ikikaa. Mimi naijua tangu nazaliwa. Na makufuli yalikaa wiki tatu na siku nne dirishani, juani, na vumbi hili letu.

Nilikuwa nataka kumwambia Mama akirudi kutoka hospitali. Nilikuwa napanga maneno nyuma ya daftari hili. Maneno mazuri.

Saa tisa alasiri. Wamemleta Simeoni. Gerald na vijana wanne. Walimkuta kwa dada yake Ikungi, hajajificha hata, anapalilia vitunguu. Wamemfunga kwenye nguzo ya zizi letu kwa mnyororo ule ule. Namwona kupitia dirishani. Shati hana. Gerald ameshika fimbo, anasema utataja jina la gundi. Simeoni anasema, "Sijui gundi, kaka Gerald, naapa." Ya kwanza. Ya pili.

Gerald ameita. "Belinda! Lete kufuli, wewe ndiye unayeyajua. Lisilofunguka!"

Ya tano. Simeoni ameligeukia dirisha. Mdomo una damu. "Mwalimu," anasema. "Mwalimu, waambie, si wewe uliyeyatunza?" Hanishitaki. Anadhani mimi ni shahidi wake.

Ya saba. Vijana wanacheka, mmoja anasema hako kasichana hakana sauti, mwacheni.

Nimechukua sinia. Sikuweka kufuli zima hata moja. Nimeweka lile lililokatwa, aliloliacha Gerald mezani. Na kidumu cha alizeti, mdomo wazi.

Ya tisa. Ya kumi. Kalamu inaruka. Nikiiacha nitatoka, nisipoiacha sitatoka.

Nimesema. Kupitia dirishani. Basi!

Gerald ameshusha fimbo, anatazama huku na huku, anauliza ni nani aliyesema. Simeoni anatazama dirisha langu. Sasa wote. Sinia liko mapajani, linatetemeka, kufuli linalia lenyewe. Gerald anakuja na fimbo mkononi. Yuko mlango wa