Komwe za Darasa la Kwanza

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
17 Juni 1947

Mpendwa Mjomba Ngowa,

Shikamoo. Mwaonaje huko Nakuru na baridi yake? Kifua chako kimepoa? Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lamsumbua tangu mvua zianze.

Mjomba, nimeudhika, na nisipokwambia wewe sijui nitamwambia nani. Watoto wangu wa darasa la kwanza, arubaini na wawili, walikuwa wakiimba hesabu kama wimbo. Ukiwauliza maana yake, wanakodoa macho. Pascalia, binti ya Wafula wa bandarini, hakuwa akifungua kinywa kabisa.

Basi nikachimba vishimo vya bao uani, nikawagawia komwe, zile mbegu za kuchezea bao, nikawatungia mafumbo. Siku moja nikawauliza: kuku watatu wametaga mayai kumi na mawili, sawasawa, kila mmoja ametaga mangapi? Pascalia akagawa komwe zake moja moja katika vishimo vitatu, kisha akaruka. "Manne, Mwalimu! Kila kuku manne!" Nusura nilie.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Mwalimu Mkuu, Bwana Nguma, alitukuta, akanikemea mbele ya watoto: "Hii ni shule ya kanisa, Dorcas, si pahali pa kamari." Vishimo vikafukiwa. Komwe alizitupa chooni kwa mkono wake mwenyewe. Nilimweleza, wapi!

Habari zikamfikia Wafula, naye akamtoa mtoto shuleni. Nimemwendea mara mbili. "Kucheza atacheza nyumbani, huku akimlea mdogo wake," aliniambia, na hata kiti hakunipa. Nilirudi na hasira zangu. Mtoto ndiyo kwanza anafumbuka, na watu wazima wawili wanamfumba!

Jumamosi moja nilikwenda tena. Wafula alikuwa kazini. Mkewe, Margaret, akanitandikia mkeka jikoni, akamimina maharagwe makavu katikati yetu, akamwita Pascalia aketi.

"Mwalimu," akasema, "mimi shule sikuiona. Nifundishe mimi, nami nitamfundisha. Kwangu mimi hakuna wa kumtoa."

Tulikaa hapo hadi adhuhuri. Shuleni bado tunaimba, Mjomba, na Bwana Nguma bado simwezi. Lakini kila Jumamosi nina wanafunzi wawili.

Nisalimie Mama Charo, Charo mwenyewe na Kahaso. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Mimi mpwao nikupendaye,
Dorcas