Mwanya wa Kageha

Jumapili, 12 Agosti 1973

Kanisa. Kufua. Mvua saa nane, kama kawaida, nguo zikarudi ndani. Barua ya kaka yangu imefika kutoka Maragoli, imezunguka mpaka bahasha imechakaa. Mama macho yanafunga. La kushoto limekwisha. Anataka kumwona binti yangu Kageha kabla la kulia halijafunga. Tulimpa mtoto jina la marehemu dada yake Mama, naye anauliza jambo moja tu: je, ana mwanya?

Anao. Meno mawili ya juu, katikati unapita uzi. Ana miaka mitano na Mama hajamwona hata siku moja. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Baba Zakayo amekubali tupige picha, tuitume. Tutaenda Kisumu, kando ya ziwa, Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Sikuamini mpaka alipoomba ruhusa ofisini.

Jumanne, 14 Agosti

Nimechuma majani ya chai huku nikipanga. Zakayo, Luka na Kageha wakae kwenye nyasi karibu na maji. Nguo za kanisa, miguu mitupu wakitaka. Wacheze. Mpiga picha awavizie wakicheka, mwanya uonekane.

Nilimweleza Baba Zakayo wakati wa chakula. Akanitazama kama nimeomba twende uchi. Picha si mchezo, akasema.

Alhamisi, 16 Agosti

Ameazima koti la karani. Ameazima viatu. Leo ameleta na redio ya nyapara mwenzake, ya kushika mkononi kwenye picha. Haina betri. Nimeuliza ya nini. Akaendelea kuipangusa.

Mama yangu haulizi habari za redio.

Jumapili, 19 Agosti

Nimekasirika, mwandiko utakuwa mbaya.

Baada ya kanisa aliwapanga watoto nje, mbele ya laini nzima ya nyumba zetu. Mazoezi ya picha, akasema. Mikono chini. Kidevu juu. Mdomo funga. Kageha akatabasamu. Akaambiwa arudie. Akatabasamu tena, akaambiwa mtu anayecheka kwenye picha hana adabu, na Bibi ataona aibu. Mara ya nne akaufunga mdomo kama mfuniko wa sufuria. Akasifiwa.

Nikasema mbele ya majirani: Mama anataka meno. Akasema, "Wewe unataka watu waseme watoto wa nyapara wanachekacheka ovyo?"

Mchungaji husema hasira ni hasara. Basi leo niwe na hasara.

Jumatano, 22 Agosti

Bot Chepng'eno, yaani Mama Chepng'eno kwa lugha yao, anachuma mstari wa pili kutoka wangu. Leo ameniuliza, "Mama Zakayo, hiyo picha si ya mama yako? Sasa mbona ni mzee wako anayepimwa koti?" Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona uchungu. Ni kweli tupu.

Jioni nikasema lililo moyoni. Kutoka Kisumu hadi kwetu Maragoli ni basi moja tu. Tukifika ziwani tumeshamaliza sehemu kubwa ya safari. Kwa nini tutume karatasi?

Akasema mkwe haendi kwa wakwe bila kutuma habari. Haendi mikono mitupu, wala haendi na viatu vya kuazima.

Kwa picha vinafaa. Kwa mama yangu havifai. Nimeinua kikapu changu nikatoka nje, kilikuwa kitupu na sikuwa na pa kwenda.

Ijumaa, 24 Agosti

Koti limepigwa pasi. Redio imefungwa kwa shuka.

Nimeweka daftari hili ndani ya kikapu cha safari, pamoja na sweta ya Kageha. Moja ya ziada.

Jumamosi, 25 Agosti

Naandika kwenye stendi ya Kisumu. Kageha anakula mandazi kando yangu.

Ziwa lilikuwa zuri. Watoto walipoliona walikimbia wakipiga kelele, Kageha meno yote nje. Ilikuwa picha yenyewe, pale pale. Nikamwambia mpiga picha, piga sasa. Akamwangalia Baba Zakayo. Baba Zakayo akasema ngoja, wapangwe kwanza.

Wakapangwa. Koti, redio, mikono chini. Joto la Kisumu likamtoa jasho hadi kwenye kola ya karani. Kageha alibana midomo mpaka ikapauka. Mpiga picha akasema, safi. Moja tu, basi.

Nikamshika mtoto mkono. Nikamwambia Baba Zakayo, rudi na wavulana, mimi na Kageha tunakwenda kwa Mama, tutarudi Jumatatu jioni. Siku ya kuchuma majani ipotee. Akafungua mdomo, akaona watu wanatazama, akaufunga. Hawezi kutufuata. Karani anataka koti lake kesho asubuhi, la kwendea kanisani.

Basi la Maragoli linaita watu. Sijutii.

Jumapili, 26 Agosti

Tulimkuta Mama amekaa mlangoni, kwenye jua. Aligeuza kichwa upande, akitafuta kwa jicho la kulia. Halikumpata mtu. Barua ilichelewa, au sisi. Anaona mwanga na kivuli tu.

Nikamwambia, huyu ni Kageha. Kageha akasimama mbele ya bibi yake. Mikono chini. Kidevu juu. Mdomo umefungwa. Hakuna aliyemwambia.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mama akanyoosha mkono, akapapasa nywele, paji, pua. Alipofika kwenye midomo akakuta imebanwa. Akauliza, "Nani amemfunga mtoto?" Akamtekenya shingoni kama alivyokuwa akinitekenya mimi. Kageha alijikaza, akajikaza, akashindwa. Akacheka.

Mama akaingiza kidole, polepole, akahesabu meno ya juu mpaka katikati. Kikasimama pale kwenye nafasi. Kageha akamng'ata.

Mama alicheka mpaka machozi. Akasema hata marehemu dada yake alikuwa anang'ata.

Sasa ni mchana. Wamelala kwenye mkeka mmoja. Nje kuna kuku tu. Mdomo wa Kageha uko wazi.