Neno "mtapumzishwa"

Shoga, uko? Nimeharibu.

Unajua tangu karakana iungue tunashonea ghalani, watu wangu wako hoi. Leo nikawaita wote kumi na mmoja, nikawaambia kwa upole, "Kuanzia kesho mtapumzishwa."

MTAPUMZISHWA! Mwenzio nilimaanisha siku mbili walale!

Mama wa stoo akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. "Ahsante kwa yote, bosi." Mkata vitambaa akaanza kukunja aproni yake.

Nikapiga kelele, "Jamani, likizo! Likizo tu!" Wakacheka mpaka machozi. Mama wa stoo akachukua funguo zake.

Nimechoka mimi. Hata sijakaa, mkurugenzi wetu kapiga simu. Habari zimemfikia nusu.

"Ahsante dada, umenitua mzigo. Nilikuwa sijui nitawaambiaje."