Shemeji, Waliniuliza Nani Alinifundisha Bunduki

Shemeji Alimasi,

Barua huanza na salamu, lakini sijui huko uliko watu wanaamkiana vipi, na nikikuuliza habari za afya utanicheka. Basi nianze na habari yenyewe. Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda kwenye usaili wangu wa uraia, hapa Dallas, na nikalitaja jina lako mbele ya serikali. Sijui kama nimekuheshimu au nimejichongea. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, na wewe uliyekuwa ukinichekesha kwanza ndipo uniambie nimekosea, hupo.

Ni miezi minane tangu moyo wako usimame ukiwa kazini. Dada Nyota bado anakaa kule kwenu Gulfton, mbali na hapa, nyumba ileile, ghorofa ya pili. Viatu vyako vya kiwandani viko mlangoni, hataki mtu aviguse, na watoto wako wameshazoea kuviruka. Neema ndiye anayeendesha gari lako siku hizi. Analiegesha vibaya kama baba yake.

Mama bado yuko kambini, Tanzania. Kila Jumapili ananipigia na kuuliza swali lilelile: "Makaratasi yamefika wapi?" Wewe ulikuwa na uraia, lakini kwake ulikuwa mkwe tu, na sheria ya hapa inataka mtoto wa kumzaa ndiye amwombee mzazi. Dada mtihani wa Kiingereza unamtoa jasho hata kuutaja. Kwa hiyo nimebaki mimi. Nikipata uraia, Mama ana njia ya kuja kuzeeka karibu nasi. Nisipopata, atazeekea palepale kwenye hema lililogeuka nyumba.

Sasa sikiliza. Kwenye ile fomu ndefu kuna swali linalouliza kama umewahi kupata mafunzo ya aina yoyote ya kijeshi au ya silaha. Kijana wa kanisani aliyenisaidia kujaza aliweka hapana bila hata kuinua macho, nami nikatia sahihi. Nani kati yetu angeweka ndiyo? Kwetu sisi maneno hayo yana maana moja: watu wa msituni. Ila wiki mbili kabla ya usaili, nikiwa kwenye treni narudi kwangu Vickery Meadow kutoka kazini, nikajisomea maswali polepole, moja moja. Aina yoyote. Ya silaha. Hapo nikakuona wewe, umelala kifudifudi kwenye majani na shati lako kuukuu la kanisani, unaniambia nishushe pumzi kabla ya kufyatua.

Nilikaa nikapitiliza kituo changu.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa bado nakaa kwenu, tulipopata lile shamba dogo mbele ya mji wa Katy, kule nyumba mpya zinakoishia? Mzee wa Kizungu alituachia kipande tupande mboga zetu, lengalenga na matembele. Tulipanda kwa mbwembwe, tukaimba kabisa, na wiki ya tatu tukakuta mistari yote imenyolewa. Sungura. Sungura wa Texas hana adabu, anakula huku anakutazama. Ulitishia kuwaombea wafe. Ndipo yule mzee akacheka, akaingia ndani, akatoka na bunduki yake ya utotoni, ndogo, ya risasi za ukubwa wa ishirini na mbili, zile ambazo vichwa vyake ni kama punje za hindi. Akakuuzia hapohapo.

Wewe na jicho lako la kulia lenye mtoto wa jicho! Ulipiga mara sita, ukaua ndoo yetu ya maji. Ukanigeukia ukanikabidhi. "Shemeji, hii iko yako sasa. Mimi ntakuwa mwalimu, we utakuwa macho." Mwalimu asiyepata shabaha. Nilikuambia hivyo mwaka mzima na hukuchoka kucheka.

Lakini mara ya kwanza sikucheka. Nilifyatua, ikalia kidogo tu, kama mtu amevunja kijiti kikavu, na mimi nikajikuta chini, uso kwenye udongo, mikono kichwani. Mwili wangu ulikuwa umerudi Fizi, kule tulikokimbia vita, bila kuniaga. Nilingoja uniambie niamke, niache utoto. Wewe uliichukua bunduki, ukatoa risasi, ukaiweka mbali, halafu ukalala chini kando yangu, mtu mzima na tumbo lako. "Tulale kidogo," ukasema. "Hakuna haraka." Tulilala hadi siafu walipokuinua wewe kwanza, ukaruka ukijipiga mapaja, na hapo ndipo nilipocheka hadi nikalia. Jioni ile ndani ya gari uliniambia: "Kule, ile sauti ilikuwa ya benyewe, bale ba msituni. Hii ya leo ni yako."

Baada ya hapo ilikuwa kila Jumamosi. Makopo ya nyanya juu ya magogo. Kuikoki bila kuivuta kwa hasira. Kuihesabu kuwa ina risasi hata kama nimeitoa mwenyewe sasa hivi. Kutoielekeza kwa mtu hata kwa mchezo, na kuangalia kwanza kilicho nyuma ya ninachokilenga. Ulinipeleka nikakate leseni ya kuwinda, ukaishika kama cheti cha ndoa. Na sungura wangu wa kwanza unamkumbuka. Nilifurahi, kisha nikamwonea huruma, kisha nikafurahi tena. Wewe ukanipigia saluti katikati ya lengalenga: "Komanda!" Dada akampika kwa nyanya na pilipili, tukala na bugali. Neema alisukuma sahani, "Auntie, that's a bunny!" na Jumamosi iliyofuata akauliza kama mguu umebaki.

Niliipenda ile bunduki, shemeji. Naona aibu kulisema, mtu wa Fizi kama mimi. Niliipenda kwa sababu nilipomaliza niliiweka chini mwenyewe, na nyumbani nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu nikiwa mtoto. Sijui kama ulijua kuwa ndicho ulichokuwa ukinifundisha. Nadhani ulijua, ila ulipenda kujifanya huna akili nyingi.

Basi nikampigia Dada, nikamweleza swali lile. Alikasirika kabla sijamaliza. "Sema non. Sungura si vita. Mdomo uliponza kichwa, unasikia? Fikiria Mama." Neema akachukua simu: "Auntie, just say no, hawata-check." Nikajifunza kusema no mbele ya kioo, kama mtoto anayekariri aya ya shule ya Jumapili. Nikaiweza. Nilikuwa naisema hata bila kupepesa.

Siku yenyewe ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafua. Aliniapisha nimeinua mkono. Historia nikajibu, kusoma nikasoma, kuandika nikaandika. Akaanza yale maswali marefu, anayasoma haraka kwa sababu kila mtu hujibu hapana, nami najibu hapana, hapana, hapana. Akafika pale. Hapana ilikuwa tayari mdomoni. Nikasema ndiyo.

Aliacha kuandika. Akanitazama, kisha akaitazama fomu, mahali palipowekwa hapana na sahihi yangu chini yake. Akaanza tena, safari hii polepole. Mafunzo ya silaha gani? Bunduki ndogo ya sungura. Wapi? Shambani, mbele ya Katy. Mlikuwa wangapi? Wawili. Mlivaa sare? Nikamwambia ulivaa kandambili. Aliyekufundisha alikuwa mwanachama wa kikundi gani? Nikafikiri sana, maana nilikuwa nimeapa, nikajibu: kwaya. Kila neno aliliandika. Kwamba uliniita Komanda sikumwambia. Huo si uongo, hakuniuliza.

Kisha akauliza jina lako lote, nikampa. Akauliza kama unaweza kupatikana ili uthibitishe.

Shemeji, kwa miezi minane nilikuwa sijakisema kifo chako kwa Kiingereza. Kazini niliomba ruhusa kwa ajili ya dharura ya familia. Kwa watu wetu nasema umetutoka, umelala, umetangulia, na kila neno linakuachia mlango wazi kidogo. Pale kwenye kiti kile sikuwa na maneno hayo. Nikasema, "He died." Nilijisikia kama ndiyo kwanza nakuua. Nililia ofisini kwa serikali, kamasi na kila kitu, na yule mama mwenye mafua akasukuma boksi lake la tishu kwangu, tukawa tunatumia wote wawili.

Akanipa karatasi. Mtihani nimefaulu, lakini uamuzi bado. Faili litaangaliwa zaidi, huenda nikaitwa tena, nisubiri. Hakusema baya, hakusema zuri. Niliitafuta huruma kwenye ile karatasi, nikaisoma mara kumi kwenye basi, haikuwa na kitu.

Nikampigia Mama Njeri, yule nesi Mkenya wa Katy aliyekuwa mteja wetu wa lengalenga. Nilitaka anitulize. Alicheka kwanza. "Ai, si ungesema tu no! Hiyo question ni ya majeshi, my dear. Hapa Texas nani haja-shoot sungura?" Kisha akasikia sicheki naye, akaacha kucheka, akasema ataniombea. Alipoanza kuniombea ndipo nilipoogopa kabisa.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo. Huenda swali lile halikunihusu, na nimemfungia Mama mlango kwa ajili ya sungura. Huenda lilinihusu, na hapana yangu ya kwanza kwenye fomu tayari imenichafua. Nimekulaumu, nisikufiche. Nimekulaumu nikipanga maboksi kazini hadi mwenzangu akauliza nagombana na nani. Kwa nini hukuzungushia shamba wavu kama watu wengine? Kwa nini ulimfundisha bunduki mtu aliyekimbia bunduki? Ukamwacha na jibu mkononi, ukaenda zako.

Dada aliposikia nilichojibu alikata simu. Tangu hapo ananitumia salamu kupitia Neema. Ile bunduki alikuwa ameshaikataa tangu wiki ya mazishi, alisema halali nayo nyumba moja, nami nikampelekea yule mzee aifungie kwenye kabati lake la chuma. Mara moja nilikwenda, akanifungulia, nikaipangusa, nikairudisha bila kuitia risasi. Shamba sungura wamelirithi, wanakula mchana kweupe. Sasa hata kwenda kuipangusa naogopa, nisije nikaulizwa tena.

Kwa nini nilisema ndiyo? Nimejiuliza sana. Ushujaa haukuwepo, usinipigie saluti. Nilikuwa nimeapa, na njia ya mwongo ni fupi, hilo lilikuwemo. Lakini lililonisukuma ni jingine. Nilipofungua mdomo niliona kwamba nikisema hapana, zile Jumamosi hazikuwahi kuwapo. Hakuna aliyelala chini kando yangu. Hakuna aliyenifundisha. Umeshakufa mara moja, nami nilikuwa karibu kukutoa hata pale ulipokuwa hai. Ulimi ukakataa.

Lakini Mama hajui. Jumapili iliyopita alipiga, akauliza makaratasi yamefika wapi, nami nikamwambia mtandao mbaya, simsikii, nikakata. Nilimsikia vizuri, hata kuku wa jirani nilimsikia. Mtu aliyeshindwa kumdanganya ofisa asiyemjua akamdanganya mama yake mzazi. Hilo ndilo linaloninyima chakula kuliko faili.

Kwa hiyo nakuahidi wewe, kwa kuwa wewe ndiye shahidi wangu na huwezi kuitwa. Jumapili hii sitasubiri apige. Nitampigia mimi. Nitamwambia waliuliza nini na mimi nilijibu nini, na kwamba huenda akasubiri sana, na huenda asije. Akilia nitalia naye. Akinyamaza sitakata, nitakaa kwenye simu hadi aseme neno, hata likiwa la kunilaani. Na akisema ni Alimasi aliyetuponza, nitamwambia hapana Mama, Alimasi alinifundisha, aliyejibu ni mimi.

Kwaheri, shemeji yangu. Nimekuaga kwa Kiingereza mbele ya mgeni, sasa nakuaga kwa lugha yetu, polepole. Umekufa. Pumzika. Wakiniita tena na kuniuliza tena, nitajibu ndiyo.

Shemeji yako,
Riziki